Upepo wa Sjöström: Kutoka Theluji ya Värmland Hadi Vumbi la Galbet

Mwaka 1927, katika jangwa la Mojave huko California, injini nane za ndege zilipangwa mbele ya kibanda cha mbao. Hazikuwekwa pale ili ziruke. Zilikuwa za kuvuruga mchanga na kuurusha usoni mwa mwanamke mmoja, Lillian Gish, aliyekuwa miongoni mwa nyota wakubwa wa sinema duniani wakati huo. Joto lilikaribia nyuzi 49 za Selsiasi. Utepe wa filamu ulianza kujikunja ndani ya kamera, ikabidi uwekwe kwenye barafu ili usiharibike. Gish alishika kitasa cha chuma cha mlango, ngozi ya kiganja ikaungua.

Aliyekuwa akiiongoza kazi hiyo ni mwanamume wa miaka 47, mtulivu, mwenye Kiingereza kizuri alichojifunza utotoni Brooklyn. Hollywood ilimwita Victor Seastrom. Kwao Uswidi alikuwa Victor Sjöström, mtu ambaye kwa takriban miaka kumi alikuwa ameigeuza nchi ndogo ya baridi kuwa shule ya sinema kwa ulimwengu mzima.

Filamu iliyotoka jangwani, The Wind, inamfuata Letty, msichana anayetoka Virginia yenye kijani kwenda kuishi Texas magharibi, mahali ambapo upepo hautulii usiku wala mchana. Mchanga unaingia kwenye mkate, kwenye nywele, kwenye mashuka, mwisho unaingia akilini. Mkazi wa Galbet, pale mjini Garissa, hahitaji mhakiki wa Ulaya kumweleza filamu hiyo inasema nini. Kiangazi cha jilaal kinapokaza, Januari hadi Machi, vumbi huingia hata ndani ya kikombe cha chai kilichofunikwa, na mfugaji hutazama mawingu kwa jicho la mtu anayesubiri hukumu. Filamu bubu ya mwaka 1928 iliyotengenezwa na Mswidi inaijua hali hiyo kuliko filamu nyingi zilizopigwa Afrika Mashariki na wageni waliokuja kutafuta simba na machweo.

Ndiyo maana urithi wa Sjöström unastahili kusimuliwa upya kutoka upande huu wa Mto Tana. Vitabu vya historia ya sinema humweka kwenye theluji na kumwacha hukohuko. Lakini mambo mawili aliyoyaingiza kwenye sinema, ardhi inayoshiriki katika kisa kama mhusika na dhamiri inayomfuata mtu popote aendapo, ni mambo ambayo watu wa nchi kame wameyaishi na kuyasimulia tangu zamani.

Sjöström alizaliwa tarehe 20 Septemba 1879 huko Silbodal, jimbo la Värmland, karibu na mpaka wa Norwei. Alikuwa bado mtoto mchanga familia ilipohamia Marekani, kama walivyofanya Waswidi wengi wa zama zile waliokimbia ufukara. Mama yake, aliyewahi kuwa mwigizaji, alifariki mtoto akiwa na miaka saba hivi. Baba yake alikuwa mkali, akaoa tena, na nyumba ikawa ngumu. Mwaka 1893 kijana alirudishwa Uswidi kulelewa na jamaa, na kabla hajatimiza miaka ishirini alikuwa tayari kwenye jukwaa, akizunguka na kundi la maigizo nchini Finland. Mama aliyeondoka mapema, baba asiyebembelezeka, mtoto anayelelewa na watu wengine: mambo hayo matatu yangerudi katika filamu zake tena na tena.

Mwaka 1912 Charles Magnusson, mkuu wa kampuni ya Svenska Bio, aliwaajiri waongozaji wawili. Mmoja alikuwa Mauritz Stiller, mzaliwa wa Helsinki, ambaye baadaye angemgundua Greta Garbo. Wa pili alikuwa Sjöström. Walimkuta hapo mpiga picha Julius Jaenzon, mwenye jicho la mwanga na subira ya fundi saa. Wanaume hao watatu, chini ya Magnusson, ndio waliobeba kipindi kinachoitwa enzi ya dhahabu ya sinema ya Uswidi.

Mwanzo haukuwa mwepesi. Filamu ya kwanza ya Sjöström, Trädgårdsmästaren, yaani Mtunza Bustani, ilipigwa marufuku mwaka huohuo wa 1912 na ofisi ya serikali ya udhibiti wa filamu, iliyokuwa imeanzishwa mwaka mmoja tu kabla. Kisa chake kilihusu msichana aliyedhulumiwa na tajiri mwenye bustani. Waswidi hawakuiona. Ilidhaniwa imepotea kabisa mpaka nakala yake ilipopatikana Marekani, katika hazina ya Library of Congress, ikaonyeshwa nyumbani karibu miaka sabini baada ya kutengenezwa. Mwongozaji wake alikuwa ameshafariki.

Mwaka uliofuata, 1913, alitoa Ingeborg Holm, na hapo jina lake likasimama. Mwanamke anaishi vizuri na mumewe na watoto watatu, wanajiandaa kufungua duka. Mume anaugua na kufa. Duka linamshinda mjane, madeni yanapanda, tumbo linamuuma, na mlango unaobaki wazi ni wa nyumba ya maskini inayoendeshwa na serikali ya mtaa. Sheria ya wakati huo iliwagawa watoto wake kwa familia za kuwalea, na mara nyingi aliyekubali malipo madogo zaidi ndiye aliyepewa mtoto. Ingeborg anasikia bintiye mgonjwa, anatoroka usiku kwenda kumwona, polisi wanamrudisha. Anapoletewa mtoto wake mdogo, mtoto hamtambui. Hapo akili yake inavunjika.

Hilda Borgström aliigiza sehemu hiyo bila kupiga makelele ya mikono kama walivyozoea waigizaji wa filamu bubu. Sjöström aliiacha kamera itulie. Badala ya kukatakata picha, aliwapanga watu ndani ya chumba, wengine karibu, wengine mbali, milango ikifunguka nyuma yao, hata mtazamaji akachagua mwenyewe pa kutazama na akahisi uzito wa dakika zinavyopita. Mwaka 1913 hapakuwa na wengi duniani walioweza kufanya hivyo kwa ustadi ule.

Filamu hiyo ilizua mjadala mkali magazetini kuhusu hali ya nyumba za maskini. Wapo walioitetea serikali, wapo waliosema picha imesema kweli. Mwaka 1918 Uswidi ilipata sheria mpya ya kuwahudumia maskini, na wanahistoria huitaja Ingeborg Holm miongoni mwa vilivyochochea mabadiliko hayo. Ni mapema mno katika historia ya sinema, wakati watu wengi walikuwa bado wanaihesabu kama burudani ya maonyesho ya barabarani, kwa filamu kuingia katika mazungumzo ya sheria.

Baada ya hapo Sjöström alitoka nje ya studio. Terje Vigen, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Januari 1917, ilitoka kwenye shairi refu la Henrik Ibsen wa Norwei. Ni miaka ya vita vya Napoleon, manowari za Uingereza zimefunga bahari, watu wa pwani wanakufa njaa. Mvuvi Terje anapiga makasia mpaka Denmark kutafuta shayiri ya kuwalisha mke na bintiye. Anakamatwa akikaribia nyumbani, anafungwa miaka mingi, na anapoachiliwa anakuta wawili wale wamezikwa. Miaka inapita. Siku moja dhoruba inamletea mikononi ofisa yuleyule aliyemkamata, pamoja na mkewe na mtoto wao mchanga. Kisasi kiko kwenye kiganja chake. Anamtazama mtoto, na anawaachia.

Sjöström mwenyewe aliigiza Terje, na bahari aliyoipiga picha ilikuwa bahari ya kweli, yenye mawimbi yaliyomlowesha yeye na watu wake. Gharama ilizidi za filamu zote zilizowahi kutengenezwa Uswidi hadi wakati huo. Magnusson aliona faida, akaamua kampuni itengeneze filamu chache zaidi, kubwa zaidi na bora zaidi. Uamuzi huo ndio uliofungua enzi ya dhahabu.

Kisa cha mtu anayeushika uhai wa adui yake na kuuachia kina maana ya pekee Kaskazini Mashariki ya Kenya, ambako wazee huketi siku nyingi kwenye maslaha, vikao vya usuluhishi, kupima damu, diya (fidia ya damu) na msamaha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wajir zilipochinjana, kundi la wanawake lilianza kuzungumza sokoni, kisha likawavuta wazee, vijana na serikali kwenye mazungumzo ya amani. Mmoja wao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, ambaye mwaka 2007 alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood, inayotolewa Stockholm. Uswidi iliyomheshimu Dekha kwa kuvunja mzunguko wa kisasi ni nchi ambayo, miaka tisini kabla, ilijaza kumbi za sinema kumtazama mvuvi akifanya jambo hilohilo.

Mwaka 1918 ilifuata Berg-Ejvind och hans hustru, kutoka kwenye tamthilia ya Jóhann Sigurjónsson wa Iceland. Mtu aliyeiba kondoo kwa sababu ya njaa anakimbilia milimani, na mjane tajiri anayempenda, Halla, anaacha shamba na heshima yake kumfuata. Sjöström na kikosi chake walipanda milima ya Lapland, kaskazini kabisa mwa Uswidi. Kwenye onyesho moja mwongozaji mwenyewe alining'inia kwenye jabali kwa kamba. Aliyeigiza Halla, Edith Erastoff, baadaye akawa mkewe. Wahakiki wa Paris, Louis Delluc akiwemo, waliishangilia filamu hiyo, kwa kuwa mlima, maji ya moto yanayotoka ardhini na theluji havikuwa pazia la nyuma. Viliamua nani aishi na nani afe. Mfugaji aliyewahi kuhamisha ngamia kutafuta malisho angeuelewa uamuzi wa namna hiyo bila maelezo.

Kisha yuko Selma Lagerlöf. Mwandishi huyu wa Värmland, mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Nobel ya fasihi, mwaka 1909, aliiruhusu kampuni kuzitumia riwaya zake, na Sjöström alizigeuza kuwa filamu moja baada ya nyingine. Kubwa kuliko zote ni Körkarlen, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Januari 1921. Ndiyo filamu iliyompatia wafuasi wa dhati hadi leo.

Asili ya kisa hicho ni kampeni ya afya. Lagerlöf aliombwa aandike kitu cha kuelimisha watu kuhusu kifua kikuu, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza Waswidi wengi. Aliandika riwaya ya mizimu, iliyotoka mwaka 1912. Dada Edit, kijana wa Jeshi la Wokovu, anakufa kwa kifua kikuu alichoambukizwa akiwahudumia maskini. Anaomba aletewe David Holm, mlevi aliyemtesa mkewe na kuutukana msaada wa Edit. David yuko makaburini anakunywa na wenzake, akiwasimulia imani ya kale kwamba mtu wa mwisho kufa kabla ya saa sita usiku wa mkesha wa Mwaka Mpya ndiye atakayeendesha gari la farasi la Mauti kwa mwaka mzima. Ugomvi unazuka, David anapigwa, kengele inalia. Gari linafika, na anayeliendesha ni rafiki yake wa zamani.

Jaenzon ndiye aliyeufanya mzimu uonekane. Alipiga picha mara mbili, tatu, wakati mwingine nne, juu ya utepe uleule, kila mara akiurudisha nyuma na kuuanza pale pale. Kamera ilizungushwa kwa mkono. Mkono ukitetereka kidogo, mzimu ungetembea kwa mwendo tofauti na dunia inayouzunguka, na kazi ya siku nzima ingepotea. Matokeo yake ni gari linalopenya ukutani, farasi ambaye mwili wake unapitisha macho hadi vitu vilivyo nyuma yake, na dereva anayeshuka mpaka chini ya bahari kuichukua roho ya aliyezama. Hakuna hata chembe ya teknolojia ya kompyuta iliyotumika, na bado mtazamaji wa leo hushika kiti.

Ila mizimu ndiyo sehemu rahisi ya filamu hiyo. Ugumu uko kwenye namna inavyosimuliwa: David anakumbuka, ndani ya kumbukumbu yumo mtu mwingine anayesimulia, na ndani ya masimulizi hayo inafunguka kumbukumbu nyingine. Mtazamaji anaingia chumba ndani ya chumba. Hapa kuna jambo la kuzingatiwa na kila Mwafrika Mashariki. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliendesha mradi wa filamu za mafunzo kwa Waafrika, wenye makao yake Vugiri, Tanganyika, na filamu zake zikazungushwa kwa magari Kenya, Uganda na kwingineko. Mwaka 1939 ilifuata Colonial Film Unit chini ya William Sellers, aliyefundisha kwamba filamu za Waafrika ziwe za polepole, zisizo na hila za kamera wala mikato ya kurukaruka, kwa sababu watazamaji hao wasingeelewa.

Watu waliosemwa hivyo walikulia kwenye Alfu Lela Ulela, kitabu ambacho msimulizi hufungua hadithi ndani ya hadithi usiku baada ya usiku ili aokoe shingo yake. Wasomali walihifadhi mashairi marefu kichwani, wakayapeleka kutoka kisima hadi kisima, na msikilizaji alitarajiwa kufumbua mafumbo yaliyofichwa humo. Körkarlen haikuonyeshwa kwao na magari ya serikali ya kikoloni. Laiti ingeonyeshwa, wangeifuata bila shida, tena wangebishana juu yake mpaka asubuhi.

Kifua kikuu nacho watu wa Kaskazini Mashariki walikijua kwa majina ya ndugu zao. Mwaka 1976 Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa ameishi Kenya tangu mwisho wa miaka ya 1960, alianzisha Wajir kituo cha kutibu kifua kikuu kwa mtindo wa manyatta: wagonjwa wafugaji walijenga vibanda vyao hapohapo, wakameza dawa mbele ya wahudumu mpaka wapone, kwa kuwa mgonjwa anayehama na mifugo huacha dawa njiani. Njia hiyo ya kumsimamia mgonjwa kwa karibu ilikuja kuenea sehemu nyingi duniani. Tonelli alipaza sauti kuhusu mauaji ya halaiki yaliyotokea Wagalla, karibu na Wajir, Februari 1984, akalazimika kuondoka Kenya. Aliendelea na kazi Somalia na Somaliland, akapewa tuzo ya Nansen ya wakimbizi mwaka 2003, na Oktoba mwaka huohuo akauawa kwa risasi Borama, kwenye hospitali aliyoijenga. Dada Edit wa Lagerlöf ni mtu wa kubuniwa. Kaskazini Mashariki ilimwona mwenzake akiwa hai.

Hollywood ilimwita Sjöström mwaka 1923. He Who Gets Slapped, ya mwaka 1924, ilikuwa filamu ya kwanza kutengenezwa kuanzia mwanzo hadi mwisho na studio mpya ya MGM, na Lon Chaney akaigiza mwanasayansi aliyeibiwa kazi na mke, akaishia kuwa mchekeshaji wa sarakasi anayelipwa ili apigwe makofi. Mwaka 1926 ikaja The Scarlet Letter akiwa na Lillian Gish. The Divine Woman, ya mwaka 1928 akiwa na Garbo, imepotea. Kimebaki kipande cha dakika tisa hivi, kilichopatikana Moscow.

The Wind ndiyo iliyokuwa kilele chake Marekani, na ndiyo iliyoanguka. Ilifika kumbini Novemba 1928, wakati watazamaji walikuwa wameshaonja filamu zenye sauti na hawakutaka tena picha bubu, hata iwe nzuri namna gani. Ilichukua miongo mingi kwa wahakiki kuirudia na kuitaja miongoni mwa filamu bora kabisa za enzi ya kimya. Mwaka 1930 Sjöström alirudi Uswidi. Baada ya hapo aliongoza filamu chache mno, ya mwisho mwaka 1937, akarudi kwenye uigizaji.

Mkosi mwingine ulimpata bila kosa lake. Septemba 1941 ghala la kampuni ya Svensk Filmindustri, iliyoirithi Svenska Bio, huko Vinterviken, Stockholm, lililipuka na kuungua. Utepe wa filamu wa zamani uliwaka kama baruti. Sehemu kubwa ya kazi zake na za Stiller ilikwenda na moshi huo, na filamu zake nyingi za awali leo zinajulikana kwa majina na picha chache tu.

Urithi wake ulihifadhiwa na watu. Mwaka 1943 aliteuliwa mkurugenzi wa sanaa wa Svensk Filmindustri, na miaka miwili baadaye kijana mmoja mwenye hasira, Ingmar Bergman, alikuwa akiitengeneza filamu yake ya kwanza na kugombana na kila mtu. Bergman alisimulia baadaye jinsi mzee Sjöström alivyomshika shingoni, akatembea naye huku na huko, akimshauri apunguze makuu, aache ugomvi, na awapige picha waigizaji kutoka mbele ili nyuso zao zionekane. Bergman alikuwa ameiona Körkarlen tangu ujana, na aliendelea kuitazama kila mwaka. Kifo kilichovaa joho jeusi katika The Seventh Seal ya 1957 kina undugu wa wazi na dereva wa mwaka 1921.

Mwaka huohuo wa 1957 Bergman alimpa mzee huyo, aliyekuwa na miaka 77 na afya iliyochoka, sehemu ya Profesa Isak Borg katika Wild Strawberries: mzee anayesafiri kwa gari kwenda kupokea heshima ya chuo kikuu, huku kumbukumbu na ndoto zikimhoji jinsi alivyoishi. Filamu ilishinda Dubu wa Dhahabu Berlin mwaka 1958. Stanley Kubrick aliiweka miongoni mwa filamu kumi alizozipenda zaidi mwaka 1963. Wapenzi wa sinema hawaachi kulinganisha onyesho la Körkarlen, David akivunja mlango kwa shoka wakati mkewe na watoto wamejifungia upande wa pili, na lile la The Shining ya mwaka 1980. Sjöström alifariki Stockholm tarehe 3 Januari 1960. Mwaka 2012 jarida la FLM lilipowauliza wahakiki na wasomi ni ipi filamu bora ya Uswidi ya nyakati zote, Körkarlen ilitangulia zote za Bergman.

Uswidi ya leo si ile ya Lagerlöf. Makumi ya maelfu ya Wasomali wanaishi huko, na mtaa wa Rinkeby uko kilomita chache tu kutoka Råsunda, ilikopigwa Körkarlen. Kambi za Dadaab, katika kaunti ya Garissa, zimekuwapo tangu 1991, na baadhi ya familia zilizopitia Ifo, Dagahaley na Hagadera zilipata makazi Ulaya ya Kaskazini. Kizazi kilichokulia kwenye safari hiyo kimeanza kushika kamera.

Khadar Ayderus Ahmed alizaliwa Mogadishu, akahamia Finland akiwa kijana. Filamu yake The Gravedigger's Wife, iliyopigwa Djibouti kwa Kisomali, inamhusu Guled, mchimba makaburi anayesubiri maiti nje ya hospitali huku mkewe Nasra akizidiwa na ugonjwa wa figo. Hana fedha za upasuaji, anatembea kwa miguu kurudi kijijini kudai mifugo yake. Ilionyeshwa Cannes mwaka 2021, na Oktoba mwaka huo ikashinda Farasi wa Dhahabu wa FESPACO huko Ouagadougou. Anayeijua Ingeborg Holm ataona ndugu: maradhi, umaskini, familia inayong'ang'ania kubaki pamoja, na kamera isiyoomba machozi.

Mwaka 2024 Mo Harawe, Msomali anayeishi Austria, aliiingiza The Village Next to Paradise katika orodha rasmi ya Cannes. Inapita kwenye kijiji cha Somalia kinachopigwa na upepo siku zote, ambako Mamargade anachimba makaburi na kubangaiza ili mwanawe asome. Mchanga unatembea kwenye kila picha. Haina haja mtu adai kwamba waongozaji hawa walimwiga Mswidi wa miaka mia iliyopita. Muhimu ni kwamba walipoichukua ardhi yao kwa uzito, bila kuipamba wala kuionea aibu, walifika mahali ambapo yeye alifika.

Kenya nayo ina mfano wake. Watu Wote, iliyoongozwa na Katja Benrath wa Hamburg kwa ushirikiano na Wakenya, ilitokana na shambulio la Desemba 2015 karibu na El Wak, kaunti ya Mandera, ambapo abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo waliokuwa nao ndani ya basi. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi akiwatetea na akafariki mwezi uliofuata. Filamu hiyo fupi iliteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Imejaa kile ambacho Sjöström alikitafuta maisha yake yote: saa ambayo mtu wa kawaida anaulizwa yeye ni nani, na jangwa linasikiliza.

Kilichobaki ni kuzikutanisha filamu za Sjöström na vijana wa mitaa ya Galbet na Iftin mjini Garissa, na wa Dadaab, wanaojifunza kupiga picha kwa simu. Njia ipo. Shirika la FilmAid limewahi kuzungusha skrini kubwa kambini na kuwafundisha vijana wakimbizi kutengeneza filamu zao. Wakenya wamemzoea DJ Afro akisimulia filamu za kigeni juu ya picha, na filamu bubu ilizaliwa ikimsubiri msimulizi wa namna hiyo. The Wind imekuwa mali ya umma Marekani tangu 1 Januari 2024, na Taasisi ya Filamu ya Uswidi imezitunza kazi zilizosalia. Ukuta mweupe, projekta na msimulizi mmoja wa Kisomali na mmoja wa Kiswahili vingetosha kwa usiku wa kwanza.

Na usiku huo ungeanza vizuri na Ingeborg Holm. Ina zaidi kidogo ya saa moja. Ina mjane, duka lenye madeni, ofisi ya serikali isiyosikia na mtoto asiyemjua mama yake, mambo ambayo yeyote aliyewahi kupanga foleni ya msaada Garissa atayatambua kabla msimulizi hajafungua kinywa. Baada yake vijana wangeelezwa kwamba mwongozaji alikuwa na miaka 34, mwaka mmoja tu katika kazi hiyo, filamu yake ya kwanza ikiwa imefungiwa kabatini, na kwamba miaka mitano baadaye sheria ya nchi yake kuhusu maskini iliandikwa upya.